ASIYEWEZA KUSEMA "NAUMWA"
Namna ya kufuatilia afya ya ndugu mlemavu nyumbani



 

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi. Katika nyumba zetu nyingi yupo ndugu mmoja ambaye hasemi. Huenda ni mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, mikono na miguu imekakamaa na ulimi hautoi neno. Huenda ni kijana mwenye usonji ambaye hajapata kutamka. Huenda ni babu au bibi aliyepigwa na kiharusi, akili yake imo lakini maneno yamempotea. Tunamlisha, tunamwogesha, tunamlaza, na Mwenyezi Mungu ndiye atakayetulipa. Lakini lipo jambo moja ambalo mara nyingi linatupita, nalo ni kujua siku anapoumwa.

Mtoto mwenye kusema akiumwa na sikio atakuja mbio akilia, "Mama, sikio!" Siku hiyo hiyo atapelekwa zahanati. Huyu wetu sikio lake linaweza kuuma wiki nzima na asijue mtu. Homa ya mapafu ikimwanza hawezi kusema kifua kinabana. Kwa hiyo maradhi ambayo kwa mwingine ni madogo, kwake hufika hospitali yakiwa makubwa. Makala hii inaeleza namna ya kumsoma ndugu wa aina hii, kumpima kwa vitu vilivyomo nyumbani, kuandika tunayoyaona, na kujua ni wakati gani hatutakiwi kungoja.

1. KUTOSEMA SI KUTOSIKIA MAUMIVU

Wapo wanaodhani kwamba asiyelalamika hasikii maumivu. Hiyo si kweli. Mwaka 2020 Jumuiya ya Kimataifa ya Uchunguzi wa Maumivu ilirekebisha maelezo yake ya maana ya maumivu, ikaweka wazi kwamba maneno ni njia moja tu kati ya njia nyingi za kuonyesha maumivu, na kwamba mtu kushindwa kueleza hakuondoi uwezekano kuwa anaumia.

Hatari nyingine ni ulemavu kuufunika ugonjwa. Maana yake, kila analolifanya mlemavu linahesabiwa kuwa ni sehemu ya ulemavu wake. Akipiga kichwa ukutani, watu husema "ndivyo alivyo". Akikataa chakula, husema "ana visirani leo". Akilala mchana kutwa, husema "amechoka". Kosa hili hutokea majumbani, na hutokea pia hospitalini.

Kuna familia moja mtaani kwetu yenye kijana wa miaka 14 ambaye hasemi. Alianza kujipiga shavuni na kukataa ugali. Baadhi ya jamaa walisema ni tabia, wengine wakasema ni shetani, akasomewa. Dada yake, mwanafunzi wa madrasa, aliona jambo ambalo wakubwa hawakuliona: uji wa vuguvugu alikunywa vizuri, lakini kitu cha kutafuna alikisukumia upande wa kulia wa mdomo. Aliyaandika hayo nyuma ya daftari lake kwa siku tatu, kisha akamwonyesha mama yake. Kijana alipofunguliwa mdomo kwa tochi, jino la nyuma upande wa kushoto lilikuwa limeoza na ufizi umevimba usaha. Jino liling'olewa, dawa zikatolewa, na kujipiga kukaisha.

Ndugu msomaji, kumsomea mgonjwa ni jambo jema na hatulikatazi. Lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na watu kuhusu kutafuta dawa aliwaelekeza wajitibu. Dua na matibabu huenda pamoja, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

2. KWANZA IJUE HALI YAKE YA KAWAIDA

Huwezi kujua kilichobadilika kama hukijui kilichokuwepo. Hivyo basi, kazi ya kwanza hufanywa siku akiwa mzima na mwenye furaha. Chukua karatasi uandike:

- Uso wake ukoje akiwa ametulia? Macho yake hutazama wapi?
- Sauti gani hutoa akiwa na furaha, na gani akiwa na njaa?
- Mikono na miguu yake hukakamaa kiasi gani siku ya kawaida?
- Hulala saa ngapi, huamka mara ngapi usiku?
- Hula kiasi gani, hunywa vikombe vingapi, na mlo humchukua muda gani?
- Hupata choo kila baada ya siku ngapi, na kikoje?
- Ni kitu gani humpendeza hata iweje? Labda ni sauti ya kaka yake, labda ni kusikia Qur'ani redioni.

Swali hilo la mwisho ni muhimu mno. Kama kila siku akisikia adhana hugeuza kichwa na kutabasamu, na leo adhana imetoka asigeuke, hiyo ni habari. Ameacha jambo alipendalo, na mara nyingi mwenye kuumwa huanza hivyo kabla hata ya homa kupanda.

Kila mtu ana lugha yake ya mwili. Mmoja akiumwa hupiga kelele, mwingine hunyamaza kimya. Wapo hata wanaocheka wakiwa na maumivu. Ndiyo maana anayeishi naye hujua zaidi kuliko daktari anayemwona kwa dakika kumi, na neno la mama, dada au shangazi anayemlea lina uzito wake.

3. KUPIMA MAUMIVU KWA MACHO

Mwaka 1997 wauguzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani walichapisha kipimo cha maumivu kwa watoto wasioweza kujieleza. Kinajulikana kwa herufi FLACC. Mwaka 2006 kilifanyiwa marekebisho kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili, ambapo mzazi huongeza alama anazozijua za mtoto wake mwenyewe. Kipimo hiki kinatazama mambo matano, na kila jambo hupewa 0, 1 au 2:

Uso: Umetulia (0). Anakunja uso mara moja moja (1). Amekunja uso muda wote, anauma meno, kidevu kinatetemeka (2).

Miguu: Imetulia kama kawaida yake (0). Haitulii, imekaza kuliko kawaida (1). Anapiga mateke au anaivutia tumboni (2).

Mwili: Amelala au amekaa kwa utulivu (0). Anajinyonganyonga (1). Amejipinda mgongo, amekakamaa au anatikisika (2).

Kulia: Halii (0). Anaguna au kulia mara chache (1). Analia bila kukoma au kupiga ukelele (2).

Kubembelezeka: Hahitaji kubembelezwa (0). Hutulia akishikwa au kusemeshwa (1). Habembelezeki (2).

Jumlisha. Ikiwa 1 hadi 3 ni maumivu kidogo, 4 hadi 6 ni ya kati, na 7 hadi 10 ni makali. Mtu ambaye miguu yake siku zote imekaza usimpe alama kwa ajili ya ukakamavu huo wa kila siku. Mlinganishe na nafsi yake, usimlinganishe na mtu mwingine.

Ukiona alama zimepanda, tafuta chanzo kuanzia juu kwenda chini: macho, masikio, mdomo na meno, koo, kifua, tumbo, mkojo, ngozi, viungo, hadi kucha za miguu. Wakati mwingine chanzo ni kidogo kabisa, kama vile uzi wa soksi uliobana kidole, nepi iliyokaza, au mdudu kitandani.

4. VIPIMO VITATU VYA NYUMBANI

Joto. Kipimajoto cha betri huuzwa katika maduka ya dawa. Kiweke kwapani, ubane mkono, ungoje kilie. Joto la kwapani likifika 37.5 au zaidi, hiyo ni homa. Usitegemee kiganja peke yake, kwani mkono uliotoka jikoni au kwenye maji hudanganya. Katika nchi zetu zenye malaria, mwenye homa apelekwe akapimwe damu, asipewe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Na kwa wazee tukumbuke kwamba homa ya mapafu huweza kuja bila joto kupanda. Wao huonyesha usingizi mwingi, kuchanganyikiwa na kukataa kula.

Pumzi. Hiki ndicho kipimo kisichogharimu hata senti. Ngoja awe ametulia, usipime akiwa analia wala baada tu ya kula. Funua kifua, tazama saa yenye mshale wa sekunde au simu, uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, anapumua haraka mno. Aliyevuka miaka 5, ikipita 30 ni ya kutisha. Tazama pia kama mbavu za chini zinaingia ndani anapovuta pumzi, au pua zinatanuka. Hizo ni alama za shida kifuani.

Mapigo. Weka vidole viwili upande wa kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, uhesabu kwa dakika moja. Kwa mtu mzima aliyetulia, 60 hadi 100 ni kawaida. Watoto huwa juu zaidi. Maumivu, homa na kukosa maji mwilini huyapandisha.

Vipimo hivi vifanywe pia siku za uzima, mara moja kwa wiki, ili mjue idadi yake ya kawaida.

Ama kwa babu au bibi aliyepata kiharusi, shinikizo la damu lipimwe mara kwa mara kama daktari alivyoelekeza. Ikiwa linabaki 140 kwa 90 au zaidi, apelekwe kwa mganga wake. Likifika 180 kwa 120, ngoja dakika chache akiwa ametulia, upime tena. Likibaki hapo, awasiliane na daktari siku hiyo hiyo. Na kama kuna dalili mpya kama mdomo kupinda, mkono kuregea, kifua kuuma au kushindwa kupumua, ni kukimbia hospitali wakati huo huo.

5. KULA, KUNYWA NA HAJA

Watu wengi wenye mtindio wa ubongo au kiharusi humeza kwa shida. Chakula au maji yakipotea njia na kuingia kwenye mapafu, ndipo homa ya mapafu inapopatikana. Alama zake ni kupaliwa mara kwa mara, kukohoa wakati wa mlo, sauti kuwa kama ina maji, machozi kumtoka akinywa, na mlo kuchukua muda mrefu kuliko zamani.

Asilishwe akiwa amelala chali. Akalishwe wima, kichwa kielekee mbele kidogo na kisiangukie nyuma. Apewe kijiko kidogo, na usiongeze kingine mpaka umeze wa kwanza uonekane kooni. Abaki wima angalau nusu saa baada ya kula. Uji mzito kidogo humezeka kwa urahisi kuliko maji matupu kwa wengi wao, lakini mtaalamu wa kumeza, kama mnaweza kumfikia, ndiye mwenye kupanga.

Maji ni jambo la kuangaliwa sana katika joto la pwani, kwa sababu huyu hawezi kusema ana kiu. Tazama mkojo. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, ni vizuri. Ukiwa wa rangi ya chai, maji hayatoshi. Akipitisha saa 8 bila kukojoa, atafutiwe tiba. Midomo mikavu na macho yaliyoingia ndani ni dalili pia. Akiharisha, apewe maji ya ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi, kijiko kwa kijiko, na apelekwe kituoni.

Kukosa choo ni sababu kubwa ya maumivu kwa watu wasiotembea. Siku 3 bila choo, au choo kigumu kama vya mbuzi, si jambo la kupuuzwa. Na tahadhari: wakati mwingine choo kigumu hukwama, kisha maji machafu yakapita pembeni yake. Familia hudhani ni kuharisha, wakampa dawa ya kufunga, na hali ikawa mbaya zaidi. Papasa tumbo. Kama ni gumu na limejaa, mwambieni daktari.

Uzito upimwe kila mwezi. Asiyeweza kusimama hupimwa hivi: mama apande kwenye mizani akiwa amembeba, kisha apande peke yake, atoe. Kwa mfano, mama na mtoto ni kilo 81, mama peke yake ni 62, mtoto ni kilo 19. Uzito una faida mbili. Ukipungua miezi miwili mfululizo ni dalili ya ugonjwa au lishe duni. Tena dawa nyingi, zikiwemo za kifafa, hupimwa kwa uzito, na mtoto aliyekua huenda bado anapewa kipimo cha miaka miwili iliyopita.

6. WAKATI WA KUOGA NI WAKATI WA KUKAGUA

Mwili wote huonekana anapoogeshwa. Hakuna haja ya kupanga saa nyingine. Anza kisogoni, nyuma ya masikio, mabegani, viwikoni, uti wa mgongo, juu ya makalio, nyonga, magoti, vifundo na visigino. Hapo ndipo vidonda vya kulala huanzia. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi, pa moto, pagumu au panapomfanya akunje uso ukipagusa. Bonyeza kwa kidole. Ikiwa rangi haibadiliki unapoachia, ngozi imeanza kuumia. Alalaye kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2, na mito au kanga zilizokunjwa ziwekwe kati ya magoti.

Mara moja kwa wiki angalia mdomo kwa tochi, na masikio kama yanatoa maji au harufu. Msichana aliyebaleghe, tarehe za hedhi ziandikwe, kwani maumivu ya tumbo ya kila mwezi huweza kuonekana kama hasira tu.

7. SITARA NA USALAMA

Ulemavu haumwondolei mtu heshima yake. Anapokaguliwa, mlango ufungwe, sehemu isiyokaguliwa ifunikwe, na aelezwe kinachofanyika hata kama tunadhani haelewi. Msichana ashughulikiwe na mama, dada au shangazi, na mvulana mkubwa na baba au kaka kila inapowezekana.

Nalisema hili kwa uzito: asiyeweza kusema ni rahisi kudhulumiwa. Alama za vidole mkononi, michubuko ya mapajani, maumivu sehemu za siri, au hofu kila anapoingia mtu fulani, hayo yasifunikwe kwa kuogopa aibu ya ukoo. Mwanafunzi uliyeona amwambie mzazi au mwalimu mara moja. Tanzania na Kenya ipo namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, na katika vituo vingi vya polisi Tanzania lipo Dawati la Jinsia na Watoto.

8. KIFAFA

Wengi wenye mtindio wa ubongo wana kifafa pia. Anapoanguka, tazama saa kwanza. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, na mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimpe maji. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kumgusa. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, au akipumua kwa shida baadaye, au kama ni mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Andika kilianza saa ngapi, kilichukua dakika ngapi, upande gani ulitangulia kutikisika. Dawa za kifafa haziachwi ghafla hata kama amekaa mwaka bila kuanguka. Daktari ndiye anayezipunguza.

9. DAFTARI LA AFYA

Akili ya mlezi aliyekesha haikumbuki yote. Nunueni daftari moja la shule, mliwekee kamba, mlining'inize karibu na kitanda chake. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuliandika. Mfano wa ukurasa:

Jumatatu. Usingizi: ameamka mara 1. Dawa: saa 1 asubuhi amepewa, saa 1 usiku amepewa. Chakula: uji kikombe 1, wali nusu sahani, amepaliwa mara 2. Maji: vikombe 4. Mkojo: mara 5, manjano hafifu. Choo: hapana, siku ya 2. Ngozi: kisigino cha kulia cheusi. Furaha: amecheka aliposikia baba anaingia. Maumivu: 2. Jipya: anashika sikio la kushoto.

Mistari hiyo michache huandikwa kwa dakika tano. Baada ya mwezi mtaona mambo ambayo hamkuyaona kwa miaka, kwa mfano kwamba kelele za usiku huja siku ya tatu bila choo. Ukurasa wa kwanza uwe na jina lake, umri, uzito, ugonjwa wake, majina na vipimo vya dawa, dawa zinazomdhuru, na namba za simu za jamaa wawili. Akipelekwa kwa shangazi au mama akilazwa, daftari liende naye.

Anayeelewa lakini hasemi, kama babu wa kiharusi, aulizwe maswali ya ndiyo na hapana, kufumba jicho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kwanza hakikisheni ndiyo yake ni ndiyo, kwa kumuuliza jambo mnalolijua: "Je, hii ni kanzu?" Kisha ulizeni taratibu: "Ni kichwa? Ni tumbo?" Aulizwe pia kuhusu sala yake. Mwenye akili timamu bado ana wajibu wa sala na huswali kwa ishara kadiri ya uwezo wake. Tusimnyime udhu, kibla na habari ya wakati kwa kudhani kwamba kutosema ni kutojua.

10. MWEZI WA RAMADHANI

Mwezi huu mtukufu una hatari yake kwa ndugu huyu, nayo haitajwi sana. Nyumba yote imefunga, jiko halikoki mchana, na asiyeweza kuomba maji husahauliwa. Asiye na akili ya kufahamu ibada kalamu imeondolewa kwake, hana wajibu wa kufunga, na hapana thawabu kwa kumshindisha na njaa. Mgonjwa mwenye akili zake suala lake aulizwe sheikh na daktari kwa pamoja.

Kwa hiyo apangwe mtu wa mchana, kwa zamu, mwenye jukumu la maji na chakula chake. Atengewe chakula kipya, asilishwe mabaki ya futari yaliyolala kwenye joto. Na dawa zibaki saa zile zile. Familia nyingi hulala baada ya daku na sala ya alfajiri, ikaamka saa 3, na dawa ya saa 1 imekwisha pita. Kipindi kimoja kilichorukwa kinaweza kuleta kifafa. Wekeni kengele ya simu. Siku ya Idi pia, wageni wanapompa tende, nyama na halua, awepo mtu wa kuangalia asipaliwe.

11. MBELE YA DAKTARI

Msiseme tu "hajisikii vizuri". Semeni mambo manne: kawaida yake ikoje, kimebadilika nini, tangu lini, na mmepima nini. Kwa mfano: "Kwa kawaida hula sahani nzima na hucheka. Tangu juzi hali, hacheki. Anapumua mara 34, joto 38.2. Jana alipaliwa na uji." Akijibiwa kwamba "ni hali yake ya ulemavu", muulizeni kwa adabu: "Daktari, kama angekuwa mtoto mwenye kusema na ana dalili hizi, ungempima nini?" Hilo si kukosa heshima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 25, umeweka kwamba wapewe huduma za afya bila ubaguzi. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.

12. USINGOJE ASUBUHI

Mpelekeni hospitali mara moja mkiona: anapumua kwa shida au ulimi na kucha zimekuwa za buluu, haamki au haitiki kama kawaida, kifafa kimepita dakika 5, anatapika kila kitu, au matapishi yana damu au rangi ya kijani, tumbo limevimba na gumu, hakojoi, shingo imekaza pamoja na homa, upande mmoja wa mwili umeregea ghafla. Na iongezwe hii: mlezi wake wa kila siku anasema "huyu leo siye", hata kama hawezi kueleza kwa nini.

MWISHO

Aya za mwanzo za Surat Abasa ziliteremka kwa sababu ya Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba aliyekuwa haoni. Yeye alikuja kwa miguu yake na akauliza kwa ulimi wake. Huyu tuliye naye nyumbani hana miguu ya kuja wala ulimi wa kuuliza, basi haki yake ya kuangaliwa ni kubwa zaidi.

Tusimsahau pia mlezi. Mama anayeamka kila baada ya saa 2 kumgeuza mtoto naye ni mwili wa nyama. Enyi wanafunzi, chukueni zamu. Mmoja aandike daftari, mmoja ahesabu pumzi, mmoja akae naye mama alale japo saa mbili. Nanyi majirani, mkienda kumtembelea msiulize tu "hajambo?" Ulizeni, "Leo tukusaidie zamu ipi?"

Likizo hii kila mwenye ndugu wa namna hii aanze na karatasi moja, ile ya hali yake ya kawaida. Iandikwe leo, akiwa mzima.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowalea, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaowatazama kwa macho ya huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.